Mstari wa Spektra Unapotia Shaka: Utatuzi wa Matatizo katika Upimaji wa Molekuli za Anga Kati ya Nyota

Mwaka 1970 David Buhl na Lewis Snyder walinasa kwa darubini ya redio mstari wa spektra, yaani mawimbi ya masafa maalumu, wenye nguvu karibu na gigahezi 89.19, ambao haukulingana na molekuli yoyote iliyokwisha kupimwa maabara. Mwenye mstari huo alipewa jina la muda, X-ogen. William Klemperer alipendekeza mwaka huohuo kwamba ni ioni ya HCO⁺, lakini pendekezo lilibaki pendekezo mpaka mwaka 1975, Claude Woods na wenzake walipoitengeneza ioni hiyo maabara kwa kupitisha umeme katika gesi na kuupata mstari wake palepale ulipotarajiwa. Kazi ya maabara katika fani hii ni kutoa namba ambayo mwanaastronomia anaweza kuitegemea bila kurudi kuuliza. Namba yenye kasoro humpotosha kwa miaka, kwa sababu wingu la gesi lililo mbali haliwezi kufunguliwa likasafishwa wala kupunguziwa kanieneo, ilhali spektromita, kifaa cha kupimia spektra maabara, inaweza.

Mwongozo huu unamlenga anayepima spektra za mzunguko, yaani mistari inayotokea molekuli ya gesi inapobadili kasi ya kuzunguka kwake, katika masafa ya mikrowevu na ya mawimbi ya milimita. Ndiyo njia iliyotupatia sehemu kubwa ya molekuli zaidi ya 300 zinazojulikana leo kati ya nyota. Mwanga unaoonekana na infraredi vitaguswa kwa ufupi tu. Mambo yamepangwa kwa dalili, kwa kuwa dalili ndiyo inayomfikia mpimaji kwanza, na chanzo hubidi kitafutwe.

Hakuna mstari wowote unaoonekana

Usianze na molekuli yako. Anza na OCS, molekuli imara iliyonyooka, ambayo mistari yake ya chini iko kwenye megahezi 12162.98 na 24325.93 na imepimwa mara nyingi kiasi kwamba haina ubishi. Ikiwa OCS nayo haionekani, tatizo liko kwenye vali, pampu, kebo, kikuza mawimbi au kigunduzi, na hakuna haja ya kuifikiria kemia. Ikiwa inaonekana, linganisha nguvu yake na ile uliyoiandika siku ambayo mashine ilikuwa na afya. Kumbukumbu hiyo ya siku njema ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani: mashine iliyopoteza sehemu tisa kwa kumi za unyeti wake bado itaonyesha OCS vizuri, na bado itaificha radikali dhaifu (molekuli yenye elektroni isiyo na mwenza) unayoitafuta.

Mashine ikishaondolewa lawama, hamia kwenye utabiri. Mahesabu ya kwanta hutoa kigezo cha mzunguko B, namba inayoamua mistari ya molekuli itakaa wapi, chenye kosa ambalo laweza kuwa sehemu ndogo ya asilimia au kufikia asilimia moja kamili, kutegemea ukubwa wa hesabu yenyewe. Asilimia moja husikika kama kitu kidogo, lakini kwenye gigahezi 20 ni megahezi 200. Spektromita ya resoneta (vioo viwili vinavyorudishiana wimbi), ile iliyobuniwa na Balle na Flygare, husikiliza dirisha lenye upana wa takriban megahezi moja kwa wakati mmoja. Maana yake ni mamia ya hatua, na katika kila hatua resoneta irekebishwe upya. Wengi hukata tamaa megahezi 50 baada ya kuanza. Hapo ndipo spektromita ya mapigo yanayopanda masafa, iliyoendelezwa na kundi la Brooks Pate huko Virginia, inaposaidia sana, kwa kuwa hukamata gigahezi 10 au zaidi kwa pigo moja. Unyeti wake kwa mstari mmoja ni mdogo kuliko wa resoneta, kwa hiyo njia ninayoiona bora ni kutumia hii kutafuta na ile kupima.

Chanzo cha tatu ni kwamba molekuli haikufika. Vitu vigumu visivyogeuka gesi kwa urahisi huungua kabla ya kupaa, na glaisini, asidi amino ndogo kabisa, ni mfano mashuhuri. Ilipopimwa kwa mara ya kwanza mwaka 1978, umbo lililoonekana halikuwa lile lililo imara zaidi. Lilikuwa umbo jingine lenye nishati ya juu kidogo lakini lenye momenti ya dipoli, yaani kipimo cha mtengano wa chaji chanya na hasi ndani ya molekuli, kubwa zaidi. Nguvu ya mstari hukua kwa kipeo cha pili cha momenti ya dipoli, kwa hiyo mkazi mchache mwenye dipoli kubwa humfunika mkazi aliye wengi. Ukikosa umbo unalolitaka, angalia pia gesi ya kubebea, ile inayoichukua sampuli kuingia kwenye mashine. Argoni hupoza kwa ukali na inaweza kuyasukuma maumbo ya nishati ya juu yaangukie kwenye umbo la chini kabisa yanapopita kwenye mchirizi wa gesi. Kubadilisha argoni kwa neoni au heli kumewahi kurudisha umbo lililokuwa limetoweka.

La nne ni halijoto. Mchirizi wa gesi unaotoka kwa kasi kuliko sauti huishusha halijoto ya mzunguko hadi kelvini chache, na kwenye kelvini 2 karibu molekuli zote zimejikusanya katika hali za chini. Kutafuta mstari wa gigahezi 300 katika mchirizi wa namna hiyo ni kutafuta katika vyumba visivyo na watu. Na ikiwa molekuli haina momenti ya dipoli ya kudumu, kama H₂ au N₂, hakuna spektra ya kawaida ya mzunguko ya kutafutwa.

Mistari ni mingi kuliko inavyopaswa

Dalili hii hufurahisha kuliko ya kwanza, na kwa sababu hiyo ni hatari zaidi. Mtu anayetamani molekuli mpya huwa tayari kuukubali kila mstari usio na mwenyewe.

Uchafu ndio wa kwanza kushukiwa. Methanoli, asetoni iliyotumika kuoshea vyombo, dioksidi ya salfa na maji hunata kwenye kuta za kioo na za chuma, kisha huachia gesi kidogo kidogo kwa siku nyingi. Kabla ya kuingiza sampuli, rekodi spektra ya seli tupu katika masafa yaleyale, kwa muda uleule wa kukusanya data. Spektra hii ya utupu hurukwa mara nyingi kwa kisingizio cha haraka, na kila inaporukwa gharama yake hulipwa baadaye. Kisha linganisha kila mstari na katalogi ya CDMS ya Cologne na ile ya JPL. Malighafi uliyotumia kuitengeneza molekuli yako nayo iwekwe kwenye orodha ya washukiwa, pamoja na isotopu zake: kaboni-13 ni asilimia 1.1 ya kaboni yote, salfa-34 ni zaidi kidogo ya asilimia 4, na klorini-37 ni karibu robo nzima. Malighafi yenye nguvu iliyo na asilimia moja ya kaboni-13 huweza kuonekana wazi kuliko zao dhaifu unalolisaka.

Washukiwa wa pili ni hamoniki. Vyanzo vingi vya mawimbi ya milimita huanza na masafa ya chini na kuyazidisha, tuseme mara tisa. Kizidishi hicho hakitoi hamoniki ya tisa peke yake; hamoniki ya nane na ya kumi huvuja pia, na kigunduzi hakitofautishi. Chukua monoksidi ya kaboni, ambayo mstari wake wa pili uko kwenye megahezi 230538.0. Chanzo kikiwa kwenye megahezi 23053.8, hamoniki yake ya kumi inaupiga mstari huo barabara, lakini kompyuta inayozidisha kwa tisa itaandika kwamba umeonekana kwenye megahezi 207484.2. Mahali hapo hakuna monoksidi ya kaboni. Jaribio ni rahisi: gawa masafa ya mstari wa ajabu kwa tisa, zidisha kwa nane na kwa kumi, kisha angalia kama majibu yanaangukia kwenye mstari unaojulikana. Kipande cha bomba la mawimbi chembamba, kinachozuia masafa yote yaliyo chini ya kikomo chake, huziondoa hamoniki za chini kabisa na kumaliza nusu ya tatizo.

Kwenye vipokezi vinavyochanganya ishara na masafa ya ndani, yaani yale yanayozalishwa na kipokezi chenyewe, mstari waweza kuingia kutoka upande wa pili wa masafa hayo kama taswira kwenye kioo. Sogeza masafa ya ndani kwa megahezi moja na uangalie. Mstari wa kweli hubaki kwenye masafa yake. Taswira huhama kwa megahezi mbili. Na ishara iliyozaliwa ndani ya vifaa vya umeme baada ya kipokezi huhama kwa megahezi moja. Sijaona jaribio jingine linalotoa jibu la wazi namna hii kwa kazi ndogo namna hii, na ningependa kila mstari uliopimwa kwa vipokezi hivyo upitishwe hapo kabla ya kupewa jina.

Ikiwa mistari ya ziada inakusanyika kando ya kila mstari mkuu kwa mpangilio unaojirudia, huenda ni molekuli yako mwenyewe ikiwa inatetemeka. Hali ya mtetemo yenye nishati ya sentimita-kinyume 100 juu ya ile ya chini huwa na wakazi takriban asilimia 60 ya walio chini, kwa halijoto ya chumba. Spektra ya mchirizi baridi huimaliza mistari hii yote, na hilo lenyewe ni jaribio. Usiitupe, hata hivyo: katika maeneo yenye joto yanakozaliwa nyota, mistari hiyohiyo hujaza spektra za darubini, na asiyekuwa na orodha yake huiita mistari isiyojulikana.

Mstari mmoja umegawanyika

Katika resoneta ambayo mchirizi wa gesi unapita sambamba na mhimili wake, kila mstari lazima ugawanyike mara mbili, kwa sababu molekuli zinalikimbia wimbi moja na kulielekea jingine. Mgawanyiko huu ni wa haki, na ukubwa wake unakokotolewa: neoni iliyotoka kwenye halijoto ya chumba hufikia kasi ya karibu mita 790 kwa sekunde, hivyo kwenye gigahezi 10 nafasi kati ya pacha hao ni kilohezi 52 hivi, na kwenye gigahezi 20 ni mara mbili yake. Argoni ni nzito zaidi na huenda polepole, karibu mita 560 kwa sekunde. Masafa ya kweli ni katikati ya wawili hao. Nafasi kati ya pacha isipokua sawia na masafa, au isipobadilika unapobadili gesi, basi chanzo si athari ya Doppler.

Kiini cha naitrojeni-14 hugawanya mistari kwa namna nyingine, na alama yake ni uwiano wa nguvu. HCN katika mstari wake wa kwanza ina vijistari vitatu, kwenye megahezi 88630.4, 88631.8 na 88633.9, vyenye nguvu za uwiano wa tatu kwa tano kwa moja. Kadiri molekuli inavyopanda ngazi za mzunguko, vijistari vikuu husongamana hadi kuwa kimoja. Kwa hiyo molekuli yenye naitrojeni isiyoonyesha mgawanyiko wowote katika mistari ya chini kabisa, kwenye mashine inayoweza kutenganisha kilohezi chache, inatia shaka. Na isiyopaswa kuwa na naitrojeni ikionyesha mgawanyiko huo, kuna kitu kingine ndani ya seli.

Kundi la methili linalozunguka ndani ya molekuli, kama katika formati ya methili, hutoa pacha wa aina ya tatu, na umbali kati yao hubadilika kutoka mstari hadi mstari kwa namna ambayo jicho haliwezi kuitabiri. Hapa hakuna njia ya mkato. Lazima programu ya hesabu ijumuishe mzunguko wa ndani. Kosa la kawaida ni kuchagua pacha mmoja kwa kila mstari kwa kubahatisha na kuulazimisha mfumo wa kawaida umkubali.

Radikali, zenye elektroni isiyo na mwenza, husikia hata usumaku wa dunia. Mstari wao hupanuka au kupasuka bila sababu ya kuonekana, na tiba ni jozi ya koili kuizunguka seli ili kuufuta usumaku huo.

Mstari ni mpana mno

Katika gesi ya halijoto ya chumba kuna upana usioweza kuondolewa: kwa molekuli yenye uzito wa 60, upana wa Doppler kwenye gigahezi 300 ni karibu kilohezi 480. Kilichozidi hapo kina mmiliki. Punguza kanieneo kwa nusu. Upana ukipungua, migongano ndiyo sababu. Usipobadilika, punguza nguvu ya wimbi, kwa maana mstari ulioshiba hupanuka na kilele chake hubapa. Kama bado, punguza kina cha moduleshoni, yaani kiasi masafa ya chanzo yanavyoyumbishwa makusudi. Fanya kwa mpangilio huu na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, kwa sababu vyanzo hivi vitatu vinafanana sana kwenye skrini.

Msingi wa spektra unapanda na kushuka

Mawimbi yanayorudi na kwenda kati ya nyuso mbili ndani ya mashine huacha mawimbi kwenye msingi wa spektra, na umbali kati ya vilele vyake hutaja nyuso zenyewe. Vilele vikiwa kila baada ya megahezi 50, tafuta nyuso mbili zilizo umbali wa mita tatu, yaani, mara nyingi, chanzo na kigunduzi. Vikiwa mbali zaidi kwa gigahezi kadhaa, angalia unene wa dirisha. Dirisha la Teflon likiinamishwa kwa takriban nyuzi 55 huacha kuakisi wimbi lenye uelekeo unaofaa, na kuinamisha kigunduzi kidogo tu huvunja mwangwi mwingi. Moduleshoni ya masafa, ikifuatwa na usomaji kwenye hamoniki ya pili, hulifuta wimbi refu la msingi bila kuugusa mstari mwembamba. Lakini wimbi lenye vilele vilivyokaribiana kama upana wa mstari halifutiki kwa njia hiyo, na hilo ndilo linalozaa mistari ya uongo.

Masafa yote yamehama

Ikiwa mistari ya OCS na ya molekuli yako imehama pamoja, na uhamaji unakua sawia na masafa, saa ya rejea imepotoka. Kosa la sehemu moja kwa milioni kumi huleta kilohezi 30 kwenye gigahezi 300. Rejea ya rubidi au inayoongozwa na setilaiti za GPS huondoa shaka, mradi kebo yake imeunganishwa kweli na kifaa kimeikubali, jambo la kuhakikishwa kwa macho kila asubuhi.

Kwa nini kujali kilohezi 30? Wingu baridi la TMC-1 lina mistari myembamba sana, ya sehemu chache za kumi za kilomita kwa sekunde au chini yake. Kilomita 0.1 kwa sekunde kwenye gigahezi 100 ni kilohezi 33. Kosa la ukubwa huo linatosha kumfanya mwanaastronomia auhesabu mstari wa kweli kuwa una kasi isiyo ya wingu hilo, na kuutupa. Anayejumlisha makumi ya mistari dhaifu ili kuona molekuli moja anaumia zaidi, kwani mistari isiyopangika juu ya mwenzake hufutana badala ya kuimarishana.

Uhamaji unaobadilika kutegemea mwelekeo wa kupekua, juu au chini, ni uvivu wa kichujio cha kielektroniki; pekua pande zote mbili na uchukue wastani. Uhamaji unaozikumba ioni peke yake una chanzo kingine. Katika umeme wa mkondo mnyoofu, ioni chanya huvutwa kuelekea kathodi, na mwendo wa mita 300 kwa sekunde huhamisha mstari wa gigahezi 300 kwa kilohezi 300. Geuza ncha za umeme. Mstari ukiruka upande wa pili, masafa ya kweli ni katikati, na juu ya hayo umepata ushahidi wa bure kwamba mwenye mstari ana chaji.

Mstari huonekana umeme unapowashwa tu

Hii ni habari njema isiyotosha. Umeme ukipitishwa kwenye asetilini huzaa molekuli nyingi kwa mpigo mmoja: radikali, ioni, minyororo ya kaboni, na mabaki yasiyo na umuhimu. Majaribio ya kumtambua mwenye mstari yafuatane hivi. Weka sumaku karibu na seli: mstari wa radikali hudhoofika au kutoweka, na wa molekuli ya kawaida haubadiliki. Badilisha hidrojeni kwa deuteri, isotopu yake nzito: mstari usipopungua, mwenyewe hana hidrojeni, ukitoweka, mwenzake wa deuteri atafutwe mahali hesabu inapomweka. Ondoa gesi moja baada ya nyingine katika mchanganyiko na uone ni ipi isiyoweza kukosekana. Mistari miwili ya molekuli moja lazima iitikie sawasawa kila mabadiliko. Mmoja ukipanda voltiji inapoongezwa na mwingine ukashuka, usiwaweke katika familia moja hata kama namba zao zinapendeza.

Namba zinazopendeza zina nguvu, lakini hazimalizi kazi. Mwaka 1995 Kentarou Kawaguchi na wenzake waliona katika gesi inayoizunguka nyota IRC+10216 mfululizo wa mistari uliopangika vizuri kabisa, wenye B ya karibu megahezi 1377. Umbo la mfululizo lilisema kwamba mwenyewe ni molekuli iliyonyooka. Jina lake halikujulikana kwa hakika mpaka mwaka 2006, Michael McCarthy na wenzake walipoitengeneza C₆H⁻ maabara, ioni hasi ya kwanza ya molekuli kujulikana kati ya nyota. Mwaka 2012 hali kama hiyo ilijirudia: mistari iliyoonekana katika wingu la Horsehead ilidhaniwa kuwa ya C₃H⁺, lakini wengine walipinga kwa hesabu, kwa kuwa kiasi molekuli inavyotanuka inapozunguka kilizidi walichokitarajia, na wakapendekeza ioni hasi badala yake. Mwaka 2014 Sandra Brünken na wenzake walizinasa ioni za C₃H⁺ katika mtego baridi wa kelvini 4 huko Cologne na kuyapata masafa yaleyale. Hesabu ilikuwa nzuri, molekuli ilikuwa laini kuliko hesabu. Kwa hiyo tofauti kati ya utabiri na kipimo isitumike peke yake kuukataa mstari ambao majaribio mengine yote yameukubali.

Hesabu ya kulinganisha inakataa

Chora tofauti kati ya masafa yaliyopimwa na yaliyokokotolewa dhidi ya namba J, namba ya ngazi ya mzunguko. Tofauti zikikua taratibu, kuna kigezo kimesahaulika. Zikiruka mahali pamoja na kurudi, ama mstari huo si wako, ama ngazi hiyo inasumbuliwa na hali ya mtetemo iliyo jirani. Ukiuondoa, andika kwamba umeuondoa. Zikitawanyika ovyo kupita kosa ulilodai, ulijidai usahihi usiokuwa nao.

Kuongeza vigezo mpaka kila mstari utii ni kishawishi kikubwa, hasa kwa programu ya SPFIT ya Herbert Pickett inayopokea vigezo vingi bila kulalamika. Kigezo kipya kikaguliwe: je, kosa lake ni dogo kuliko chenyewe, na je, kinakaribiana na hesabu ya kwanta? Madhara ya kigezo kibovu hayaonekani pale ulipopima. Tuseme molekuli iliyonyooka yenye B ya gigahezi 5 imepimwa hadi gigahezi 100, na kigezo D, kinachoeleza molekuli inavyotanuka inapozunguka, kina kosa la hezi 1 tu. Kwenye gigahezi 100 kosa la mstari ni kilohezi 4, halionekani. Kwenye gigahezi 600 ni kilohezi 864, na mwanaastronomia anayeutafuta mstari hapo hataupata. Katalogi inayovuka mbali mipaka ya vipimo iseme wazi ni wapi vipimo vinaishia.

Nguvu za mistari nazo zikaguliwe. Molekuli yenye hidrojeni mbili zinazofanana, kama H₂CO, lazima ionyeshe uwiano wa tatu kwa moja kati ya makundi mawili ya mistari katika gesi ya kawaida ya chumba. Usipouona, mgao wa namba za kwanta huenda umekosewa hata kama masafa yanakubali.

Bendi ya maabara iko karibu na ya anga, lakini si palepale

Molekuli iliyonaswa ndani ya neoni iliyogandishwa husukumwa na majirani zake, na bendi zake huhama. Mwaka 1994 Bernard Foing na Pascale Ehrenfreund waliripoti bendi mbili za anga kwenye nanomita 957.7 na 963.2, karibu na zile za C₆₀⁺, ioni ya molekuli ya atomu 60 za kaboni, zilizopimwa katika neoni mwaka uliotangulia. Ukaribu huo ulizaa matumaini kwa zaidi ya miaka 20 na haukuthibitisha, mpaka John Maier na wenzake wa Basel walipoipima mwaka 2015 ikiwa gesi baridi, ioni moja moja ikiwa imeshikwa na atomu ya heli, ambayo huisukuma kidogo mno. Bendi zikaangukia zilipotakiwa. Vipimo vya neoni ni ramani nzuri ya kuanzia. Vikitumika kutambua, vitoe nafasi ya kosa inayolingana na uhamaji.

Maabara imekubali, darubini imekataa

Hapa kagua kwanza namba ulizomkabidhi mwanaastronomia. Momenti ya dipoli yenye kosa la asilimia 10 huleta kosa la karibu asilimia 20 katika wingi wa molekuli. Jumla ya hali zote ambazo molekuli inaweza kukaa, ikikokotolewa bila mitetemo ya chini, hutoka ndogo mno katika maeneo yenye joto, na wingi wa molekuli hupunguzwa isivyo haki.

Kisha kagua dai lenyewe. Mwaka 2003 iliripotiwa kwamba glaisini imeonekana katika mawingu ya Sagittarius B2, Orion na W51. Mwaka 2005 Lewis Snyder na wenzake walilipitia dai hilo na kuonyesha kwamba mistari mingine ya glaisini, iliyopaswa kuwa na nguvu ya kutosha kuonekana kama ile ya kwanza ilikuwa ya kweli, haikuwepo. Hoja hiyo iliwezekana kwa sababu maabara ilikuwa imetoa nguvu za mistari yote. Kwa hiyo unapokabidhi orodha, usichague mistari mitano mizuri. Toa yote, mikubwa na midogo, kila mmoja na nguvu yake, kosa lake, na alama inayoonyesha kama ulipimwa au ulikokotolewa tu, ili anayeelekeza darubini ajue ni mistari gani lazima ionekane kabla hajalitaja jina la molekuli.